Ukienda Desembarco del Granma, Anza na Mikoko

Wageni wengi wanaofika Hifadhi ya Taifa ya Desembarco del Granma, kusini-mashariki mwa Kuba, hupiga picha mbele ya mfano wa boti ya Granma karibu na ufuo wa Las Coloradas, kisha wakaondoka. Ushauri wangu ni kwamba usikawie hapo, kwa kuwa boti yenyewe imehifadhiwa Havana, bali ushike mapema njia ya zege inayokatiza mikoko hadi baharini, kabla jua halijawa kali.

Tarehe 2 Desemba 1956, Fidel Castro na wenzake, jumla yao watu 82, waliokuja na boti hiyo ili kumpindua mtawala wa Kuba, Fulgencio Batista, walikwama hapo baada ya safari ya siku saba kutoka Tuxpan, Meksiko. Walikuwa wamechelewa, kwani maasi ya Santiago de Cuba, yaliyokusudiwa kwenda sambamba na kutua kwao, yalikuwa yamezuka siku mbili kabla. Nilichuchumaa ukingoni nikachomeka fimbo kwenye tope jeusi, ikazama bila kugota popote. Na kwa jinsi mizizi ilivyofumana, hata mtu asiye na mzigo angehangaika kupata pa kukanyaga, sembuse aliyebeba bunduki huku bado ana kichefuchefu cha bahari. Ndiyo maana waliacha nyuma sehemu kubwa ya vifaa vyao. Vaa mikono mirefu: mbu wa hapo hawana adabu.

Baada ya mikoko, elekea Cabo Cruz, penye mnara wa taa wa mwaka 1871 na ngazi kubwa za mawe ya chokaa zilizoinuliwa na nguvu za ardhi, kuanzia mita 180 chini ya bahari hadi mita 360 juu yake. Ngazi hizo ndizo zilizoiingiza hifadhi katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1999. Katika njia ya El Guafe utaona mapango yenye michongo ya wenyeji wa kale, ila viatu viwe vya soli ngumu, kwa sababu mawe yale hukata. Maji nayo ubebe ya kutosha, maana mvua hunywewa na nyufa za chokaa na vijito ni adimu.

Alegría de Pío, ambako jeshi la Batista liliwashambulia Castro na wenzake na kuwatawanya tarehe 5 Desemba, iko bara na inahitaji safari yake. Kwa kuwa usafiri wa umma ni wa shida, kodi gari lenye dereva mwenyeji, na mpatane bei kwa peso kabla hamjaondoka mji wa Niquero.