Kabla ya Kupanda Mlima Mrefu, Jifunze Kwenda Polepole

Safari yangu ya kwanza kwenye mlima mrefu niliiendea kwa kujiamini. Nilikuwa nimekimbia kila asubuhi kwa miezi minne, na siku mbili za mwanzo nilifika kambini kabla ya wote, nikawasubiri wenzangu nimekaa juu ya jiwe kama bosi. Usiku wa tatu, kwenye mita 4,600, nilitapika hadi maji yakanishinda kumeza. Kabla ya alfajiri niliteremshwa nikiwa nimeshikwa mkono. Mama mmoja wa miaka 60 na ushei, ambaye mwendo wake wa kinyonga nilikuwa nikiucheka kimoyomoyo, alifika kileleni.

Mazoezi hayamkingi mtu na mwinuko. Kule juu oksijeni hewani ni asilimia 21 ileile, ila mgandamizo wa hewa hupungua, hivyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Kwenye mita 5,500 ni kama nusu ya ule wa usawa wa bahari. Mwili hujirekebisha, lakini kwa siku, si kwa saa. Mwenye nguvu huponzwa na nguvu zake, maana zinamwezesha kuuacha mwili nyuma.

Basi unapochagua safari, hesabu usiku utakaolala njiani. Ukishapita mita 3,000, kila kambi isizidi ya jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku nzima. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, mradi urudi kulala chini.

Mazoezi fanya, tena na mzigo mgongoni, na ngazi uzishuke kwa bidii ileile unayozipandia. Magoti hulia wakati wa kuteremka. Buti zivae wiki nyingi kabla, na kucha za miguu zikate fupi. Mimi nilipoteza mbili. Betri lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia. Chupa ya maji igeuze kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu.

Kuhusu asetazolamidi, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, muone daktari mapema. Husaidia mwili kuzoea, ingawa vidole vinaweza kukuwasha kama vimekufa ganzi. Dawa za usingizi na pombe ziache.

Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikafuata, usipande tena hadi viishe. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea ovyo, au kuhema ilhali ameketi, ateremshwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mimi kichwa kilianza kuniuma tangu mchana. Jioni kiongozi wetu aliniuliza mara mbili naendeleaje. Mara zote mbili nilimjibu, “Safi kabisa.”