Usichape ile picha ya vijana wa kofia ndefu kabla hujasoma hapa

Mkuu, msimamishe kwanza huyo mchapaji. Umeuliza karatasi gani, fremu gani, na picha ipi ikae mlangoni kwenye maonyesho ya wanafunzi wako kuhusu maisha ya Waingereza magazetini. Mimi nimekwama kwenye maelezo uliyobandika: "Wanafunzi wa Eton wakiwadharau watoto wa maskini, London, 1937." Karibu maneno hayo hayo niliyachapa kwenye ubao mkubwa wa maonyesho yetu, kwa michango ya wanajumuiya wenzangu hapa Uingereza, na yalituumbua.

Picha hiyo ilipigwa na Jimmy Sime tarehe 9 Julai 1937, nje ya uwanja wa kriketi wa Lord's, siku ya mechi ya Eton na Harrow, shule mbili za watoto wa matajiri. Wale wawili wenye kofia ndefu, vizibao na bakora ni wa Harrow. Eton ndio wapinzani wao! Wamesimama wanasubiri gari. Wale watatu wa upande wa kulia walikuwa wametoka kwa daktari wa meno asubuhi ile, wakaona shule basi tena, wakaja uwanjani kutafuta visenti kwa kubeba mizigo ya watu. Mashati yao yako wazi shingoni na nyuso zina tabasamu. Sasa hapo dharau umeiona wapi? Matabaka yapo, tena yanaonekana wazi, lakini hilo la kudharau tumelipachika sisi. Na mmoja wa wale wa kofia alifariki mwaka uliofuata tu, huko India, kwa dondakoo. Alikuwa bado kijana mdogo.

Kwetu aliyegundua ni mzee mmoja kati ya waliotuazima ukumbi. Alisimama mbele ya ubao, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote ni nani aliyeandika vile. Ubao ukashushwa siku hiyo hiyo na tukalipa kuchapa upya. Hela iliuma, ila kilichouma zaidi ni kwamba kuanzia pale kila ubao mwingine, hata uliokuwa sahihi kabisa, watu waliusoma kwa mashaka. Wazee wetu waliochangia nao walikuwa pale pale wanatazama.

Aliyenipotosha ni muuzaji wa mafaili ya picha aliyejiita mtafiti. Nilimuuliza wazi: haya maelezo umeyatoa wapi? Akanijibu, "Yanajulikana." Mtu anachukua hela ya jumuiya halafu anakujibu hivyo! Ukikutana na jibu la namna hiyo, funga pochi.

Kwa hiyo shika hili moja: usiandike neno chini ya picha ya gazeti mpaka uone mgongo wake. Nakala za zamani za magazeti zina mambo nyuma: kikaratasi cha maelezo kilichopigwa taipu na kubandikwa kwa gundi, muhuri wa wakala wa picha, mihuri ya tarehe. Omba hifadhi ya picha ikupe nakala ya upande huo. Kisha linganisha na gazeti la siku hizo, maana kikaratasi nacho kiliandikwa na mtu aliyetaka picha inunuliwe.

Naona pia umeweka ile picha ya muuza maziwa iliyopigwa na Fred Morley, Oktoba 1940, London ikipigwa mabomu na Wajerumani, anayepita juu ya kifusi na kreti lake. Wazima moto wa nyuma yake ni wa kweli na kifusi ni cha kweli. Ila huyo si muuza maziwa, ni mtu aliyevalishwa koti la kazi ili picha ipite kwa wadhibiti wa habari, ambao hawakutaka watu waone uharibifu mtupu. Iweke, ni picha kubwa, lakini waambie wanafunzi ilipangwa.

Na ile ya kanisa la St Paul's kwenye moshi, ya Herbert Mason, usiku wa 29 Desemba 1940: gazeti la Uingereza la Daily Mail liliitoa kuonyesha London imesimama. Wiki chache baadaye gazeti la Ujerumani likaitoa kuonyesha London inateketea. Picha ile ile! Hiyo ndiyo ningeiweka mlangoni, na maelezo yote mawili pembeni yake.

Rasimu ya maelezo mengine ibandike hapa hapa kwanza. Nitaisoma yote usiku huu.