Kwa VJ wapya: muvi za majanga hazitafsiriwi kwa kelele

Wadogo zangu, nimewasikiliza vya kutosha. Kila kibanda cha video ninachopita hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, dunia ikianza kuisha kwenye skrini, VJ naye, yule anayetutafsiria muvi kwa maiki, anapandisha sauti mpaka inakwaruza. Mna vipaji na nawapenda, lakini makosa haya ni ya zamani mno kuyasikia tena mwaka huu.

1. Tazama muvi nzima kabla ya kushika maiki. Nzima.

2. Jua mteja amefuata nini. Dereva ameacha lori kwenye foleni ya forodha, amelipa kiingilio, anataka kuona miji ikibomoka. Ile muvi iitwayo 2012, iliyotoka mwaka 2009, iligharimu takriban dola milioni 200 na kuingiza zaidi ya milioni 790 duniani. Ukiona barabara ya Los Angeles inavyopasuka nyuma ya lile gari refu, huulizi pesa zilienda wapi. Mtaalamu anaonya, wakubwa wanapuuza, baba aliyeachana na mkewe anakimbilia watoto wake: kibanda kizima kinajua yatakayofuata na bado kinapiga mayowe. Raha hiyo ni ya kweli, msiidharau.

3. Ila ukubwa unazoeleka haraka. Roland Emmerich, mwongozaji yuleyule wa 2012, alituangushia mwezi katika Moonfall, mwaka 2022, kwa dola zipatazo milioni 140, na kumbi za sinema hazikurudisha hata nusu. Jengo la kwanza likianguka watu wanashtuka. La kumi, wanafungua simu. Kinachowarudisha ni kujua nani yumo ndani ya jengo. Sasa nyinyi mama na binti wakianza kuongea jikoni mnaacha kutafsiri, mnaingiza utani wa Arsenal na Man U. Wimbi likija, hakuna anayejua aliyening'inia pale ni nani wa nani. Yale mazungumzo ya polepole ndiyo ya kutafsiri kwa makini kuliko yote.

4. Kuhusu vifo. Hili limeniuma. Kijana mmoja hodari sana alifika mahali tope linashuka mlimani na kufunika mji. Akaanza kuhesabu waliozikwa kama magoli: "Mmoja huyo! Wawili! Huyu kaenda na sufuria yake!" Kibanda kikacheka. Benchi la tatu walikaa wapakuzi wa mizigo kutoka Bududa, mashariki mwa Uganda. Mmoja wao, mtu mzima, alitoa kofia yake gotini, akaivaa, akaivua, akaivaa tena. Kisha akainuka, akapita mbele ya projekta bila kuinama, kivuli chake kikajaa skrini. Wenzake wakamfuata. Hakuna aliyedai pesa yake.

Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, mteremko wa Mlima Elgon uliporomokea kijiji cha Nametsi, huko huko Bududa, na wengi hawajafukuliwa hadi leo. Nilipomfuata kijana akaniuliza, "Kwani nimesema nini, mzee?" Hakuwa na ubaya; alikuwa mtoto mdogo wakati ule. Lakini muvi hizi zinaua mamilioni wasio na majina ili familia moja ipone, na huo ndio upungufu wao mkubwa. VJ anaweza kuupunguza au kuuzidisha. Watu wanapofunikwa, nyamaza. Acha muvi iseme yenyewe.

5. Mtaulizwa kama ni kweli, maana mtu akitoka nje anakuamini wewe kuliko redio. Katika San Andreas ya 2015 ardhi inaachama kama mdomo. Ufa wenyewe wa California, pande zake zinasuguana zikipishana, hauachami hivyo. Bonde letu la ufa la magharibi ndilo linalotanuka kweli, kwa milimita tu kwa mwaka, ila matetemeko yake si mchezo: lile la Toro, magharibi mwa Uganda, la mwaka 1966 liliua zaidi ya watu 100. Mweleze hivyo, kwa kifupi, wakati unabadilisha flashi.

6. Besi ishushwe wakati wa mazungumzo, ipandishwe jengo likianza kutikisika. Na mwenye kibanda akitaka ipigwe juu tangu mwanzo hadi mwisho, mkatalieni kwa heshima. Masikio yakichoka mapema, saa ya pili yote imepotea.