Kabla hujakokotoa kasi ya chembe ya barafu: ushauri kwa wanaoanza kazi ya data za mawingu

Kwenye mawingu ya barafu, maswali mawili hayakwepeki: chembe ina ukubwa gani, na inaanguka kwa kasi gani? La pili usilijibu kwa kutegemea la kwanza peke yake. Kinachoivuta chembe chini ni tungamo lake, na kinachoizuia ni hewa inayokutana na umbo lake. Chukua vitu vitatu vyenye kipenyo cha milimita 5, karibu na usawa wa bahari. Theluji iliyojikusanya kutokana na fuwele nyingi hushuka kwa takriban mita 1 kwa sekunde. Graupeli, yaani chembe iliyofunikwa na matone yaliyogandia juu yake, hushuka kwa mita 2 hadi 3. Tufe la barafu ngumu hukaribia mita 10. Kipenyo ni kilekile.

Pia uliza hicho kipenyo kimepimwaje. Fuwele yenye umbo la mche, yaani nguzo ndefu, urefu mikrometa 1000 na upana 200, ina "D" ya 1000 ukichukua urefu wake mkubwa kabisa, 600 ukichukua wastani wa pande mbili, na karibu 505 ukichukua duara lenye eneo sawa na kivuli chake. Tungamo hukadiriwa kwa D iliyopandishwa kipeo cha karibu 1.9, kwa hiyo kubadilisha 505 kuwa 1000 bila kujua kunalizidisha zaidi ya mara tatu na nusu. Uhusiano wa Brown na Francis wa 1995 kati ya tungamo (m) na kipenyo (D), m = 0.0185 D^1.9 (kilo na mita), ulitengenezwa kwa wastani wa pande mbili. Ukitumia urefu mkubwa kabisa, kizidishi hushuka hadi 0.0121. Ukikuta 0.00294 kwenye programu ya zamani, ni kanuni ileile kwa gramu na sentimita. Angalia vizio kabla ya kitu kingine chochote. Kanuni ya Locatelli na Hobbs ya 1974 kwa mikusanyiko ya theluji, V = 0.8 D^0.16 (V ni kasi), inataka milimita: chembe ya milimita 1 inatoa 0.8 m/s, lakini ukiingiza 0.001 kwa kudhani ni mita, unapata 0.26, na jibu hilo halishtui mtu.

Kasi yenyewe ikokotoe kwa njia ya Heymsfield na Westbrook (2010). Unahitaji tungamo m, urefu mkubwa D, na Ar, yaani eneo la kivuli cha chembe likigawanywa kwa eneo la duara linaloizunguka. Kwanza X = 8 m g ρ / (π η² √Ar), halafu Re = 16 [√(1 + 0.1057 √X) − 1]², mwisho V = Re η / (ρ D). Hapa g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, ρ ni msongamano wa hewa, η ni mnato wake, X ni namba ya katikati ya hesabu tu, na Re ni namba ya Reynolds, yaani uwiano wa nguvu ya mwendo na ile ya mnato. Jaribu programu yako kwa mfano huu: hektopaskali 500, nyuzi −20, hivyo ρ = 0.689 na η = 0.0000162 (kwa kilo, mita na sekunde), D ni milimita 1, Ar ni 0.4, tungamo mikrogramu 24. Inapaswa kutoa Re karibu 36 na kasi ya takriban 0.85 m/s. Weka tufe gumu la ukubwa huohuo (mikrogramu 480, Ar = 1) utapata karibu 4.5. Anayedhania kila chembe ni tufe gumu anaangusha wingu lake mara tano haraka kuliko inavyostahili.

Vipimo vinavyochukuliwa na vifaa vya leza kwenye ndege ndani ya wingu vina mtego mkubwa zaidi, na huu ndio tunaoona ukiharibu kazi nyingi. Fuwele kubwa ikigonga ncha ya kifaa huvunjika, na vipande vyake hupita mbele ya leza vikihesabiwa kama chembe halisi ndogo. Tofauti hujitokeza kwenye muda. Ndege ikienda mita 150 kwa sekunde na kifaa kikiwa na eneo la kupimia la milimita za mraba 50, kinapitisha lita 7.5 kila sekunde. Wingu likiwa na chembe 10 kwa lita, chembe hufuatana kwa wastani wa milisekunde 13. Vipande vilivyoachana kwa sentimita moja tu hufuatana kwa mikrosekunde 67. Chora mgawanyo wa muda kati ya chembe kwa skeli ya logi. Vikitokea vilima viwili, kata kwenye bonde lililo kati yao na utupe chembe za upande wa muda mfupi. Chembe ya kwanza ya kila kundi nayo itoe, kwa kuwa nayo ni kipande. Chagua bonde upya kwa kila sehemu ya safari. Wingu likiwa zito, vilima hukaribiana na mbinu hii hudhoofika, kwa hiyo ncha maalumu za kupunguza uvunjikaji zinahitajika hata kama una programu nzuri.

Tena, chembe ya mikrometa 100 kwenye kifaa cha pikseli za mikrometa 25 ina pikseli nne tu kwa upana, na kadiri chembe inavyopungua ndivyo kina kinachoonekana vizuri kinavyofupika. Unagawanya kwa ujazo mdogo sana, hivyo picha chache za uongo zinageuka idadi kubwa kwa lita. Wastani wa kasi kwa idadi ya chembe utashuka mno. Wastani uliopimwa kwa tungamo hautatikisika sana. Andika wazi umetumia upi.

Usisahau hewa ya juu ni nyepesi. Kwa chembe kubwa, kasi hupanda takriban kwa (ρ0/ρ)^0.4, ambapo ρ0 ni msongamano wa hewa kwenye usawa wa bahari: kwenye hektopaskali 200 na nyuzi −60 ni mara 1.7 ya ile ya usawa wa bahari. Kwa chembe za mikrometa 20 sahihisho hilo halifai, maana hapo mnato ndio unaotawala.

Rada ya Doppler, yaani inayopima kasi ya vitu kutokana na badiliko la masafa ya mwangwi wake, ikitazama juu hukupa kasi ya chembe, ikiegemea zile kubwa, pamoja na mwendo wa hewa wenyewe. Kwenye mawingu tulivu, wastani wa dakika 20 au zaidi hupunguza sana mchango wa hewa. Ndani ya dhoruba usijaribu. Setilaiti ya EarthCARE, iliyorushwa Mei 2024, ina rada ya aina hii, na huko kosa la mwelekeo ni kali: kwa mwendo wa kilomita 7.6 kwa sekunde, rada kuinama nyuzi 0.005 tu kunaongeza karibu 0.66 m/s.

Ukilinganisha rada na kipimamvua, zingatia safari. Karibu na Ikweta, kama juu ya Ziwa Victoria, nyuzi 0 hukutwa kwenye kilomita 4.5 hadi 5. Theluji ya mita 1 kwa sekunde ikianzia kilomita 12 inachukua karibu saa mbili kufika hapo, na upepo wa mita 10 kwa sekunde unaisogeza kilomita 70. Tafuta chanzo chake upande upepo ulikotoka, saa mbili kabla.