Northern Bypass ya Kampala: kwa nini waliijenga kwa awamu?

Ndugu, umeuliza kwa nini Uganda walijenga Northern Bypass, barabara ya kuzunguka jiji la Kampala, kisha wakarudi kuipanua, na kama hiyo si hasara. Sisi wa Goma tunaofuata bidhaa Kampala tunaifahamu: basi likitokea Mbarara na Masaka linaikuta pale Busega. Kutoka hapo inazunguka kaskazini mwa jiji, kilomita 21 hivi, mpaka Bweyogerere kwenye njia ya Jinja.

Ilipofunguliwa mwaka 2009, sehemu kubwa ilikuwa na njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye rond-point, yale makutano ya duara. Pale Kalerwe lori lililotoka Mombasa lilikutana na teksi za Gayaza na watu wa sokoni, wote wakigombea duara moja. Lori refu likikata kona polepole, pande zote zinafunga. Ndiyo maana upanuzi ulioanza 2014 haukuwa wa kuongeza njia tu. Walipandisha madaraja ili gari linalopita moja kwa moja lisilisubiri linaloingia sokoni. Fidia za viwanja ziliichelewesha mno kazi, ikafika 2021.

Kwangu mimi, kujenga kwa awamu si hasara. Hasara ni kuacha nyumba zisogee ubavuni mwa barabara kabla ya awamu ya pili. Hilo linaniuma nikiona Goma yetu inavyopanuka kuelekea Sake. Ardhi ya barabara ya kuzunguka mji ipimwe na iwekewe mipaka sasa, hata kama lami itakuja baada ya miaka mingi.