Andiko Langu Lilifika Machi

Wadogo zangu mnaomaliza chuo na kutaka kuingia kwenye kazi za sera ya sayansi na teknolojia huku Kusini mwa Tanzania, nianze na aibu yangu mwenyewe.

Andiko langu la kwanza lilikuwa na kurasa 22. Lilihusu upuliziaji wa salfa kwenye mikorosho. Nilikuwa nimezunguka vijijini miezi minne, nikachora majedwali na ramani, nikalitia jalada la plastiki. Nikalipeleka kwenye halmashauri moja (jina nalihifadhi, maana bado nahitaji kurudi pale) wiki ya pili ya Machi. Ofisa mipango, mama mpole, akafungua ukurasa wa mwisho kwanza, akasoma, akavua miwani. "Mwanangu, bajeti madiwani wameshaipitisha mwezi uliopita. Hili sasa niliweke wapi?"

Sikuwa na jibu. Chuoni tulifundishwa kuandika mapendekezo, lakini hakuna aliyetuambia kwamba mapendekezo nayo yana msimu.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai. Bunge linakaa Dodoma kuanzia Aprili kujadili bajeti. Kabla ya Bunge, Baraza la Madiwani linakuwa limepitisha ya halmashauri, na kabla ya baraza kuna vikao vya vijiji na kata ambako vipaumbele vinaibuliwa. Hesabu kurudi nyuma, utaona kwamba anayetaka wazo lake lipate fungu inabidi alisemee Oktoba, ikichelewa sana Novemba. Lakini hiyo ndiyo miezi ya korosho! Mkulima yuko shambani anaokota, minada imeanza, na ofisa kilimo na ofisa ushirika ukiwatafuta ofisini unaambiwa wako ghalani. Juni na Julai, mikorosho inapochanua na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaopuliziwa salfa, kuanza kushambulia maua, ndipo mkulima ana hamu ya kukueleza tatizo, tena kwa hasira. Wakati huo fedha za mwaka zimeshagawanywa.

Kalenda hizo mbili hazipatani hata kidogo. Mimi nimezibandika zote ukutani, moja juu ya nyingine. Nasikiliza watu Julai, naandika Agosti, napeleka Septemba kabla mnada wa kwanza haujamvuruga kila mtu.

Jambo lililonichukua muda zaidi kulielewa ni aina za karatasi. Mtaani kila kitu kinaitwa sera: sheria, kanuni, mwongozo, waraka, hata tangazo la mtendaji kwenye mti wa mwembe. Ukiwa ndani ya kazi lazima uzitenganishe. Sera ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia ya mwaka 1996 inaeleza nia ya nchi, ila huwezi kumpeleka mtu mahakamani kwa kutoifuata. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo ndiyo mshauri wa Serikali kwenye mambo haya, imesimama juu ya Sheria Na. 7 ya 1986. Hiyo ni sheria, ina meno. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo imo kwenye sheria na ina kanuni zake. Kwa hiyo kijana anayetaka kikundi chake kipate mashine ya kubangua korosho asipoteze muda kunukuu sera ya viwanda. Asome kanuni za mikopo, ajue fomu gani inajazwa na kikao gani kinaipitia.

Andiko langu lile la kurasa 22 liliomba "sera mpya ya upuliziaji". Nikilisoma leo nacheka. Nilichokuwa nimekiona vijijini ni ofisa ugani mmoja mwenye pikipiki isiyo na mafuta. Hilo ni suala la mstari mmoja kwenye bajeti ya idara. Ningeliandika hivyo, pengine yule mama angelipenyeza mahali.

Kuhusu vibali sitasema mengi, ila msivipuuze. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Kila ngazi inabaki na nakala. Toa nakala kumi kabla ya kuondoka mjini, kwa sababu ukifika mahali umeme umekatika, mashine ya fotokopi haitakuonea huruma. Na malipo: miezi ya mwanzo wengi wetu tulijitolea. Weka akiba ya nauli.

Ukipata siku ya mapumziko, panda gari uende Nachingwea. Hakuna darasa la sera ya sayansi linaloishinda. Mwaka 1947 Waingereza, wakiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, walianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walibadilisha hata vifaru vya vita kuwa matrekta. Ardhi ya Kongwa kiangazi hukauka ikawa ngumu kama saruji, jambo ambalo Mgogo yeyote mwenye jembe angewaambia bure. Mwaka 1951 waliachana nao, zikiwa zimeteketea takribani pauni milioni 36. Huku kwetu mradi huo ulituachia bandari ya Mtwara, na reli ya Nachingwea iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa mwaka 1962. Mtu akikuletea mradi wa teknolojia wenye picha nzuri na haraka nyingi, muulize udongo umepimwa lini.

Wakubwa kidogo kati yenu mnakumbuka pia Mei 2013, siku ya hotuba ya bajeti ya nishati, mji wa Mtwara ulivyowaka kwa ghasia za kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa tangu 1982, miaka zaidi ya 30 ya kuwaeleza watu. Sera ya Gesi Asilia ilitoka Oktoba mwaka huohuo wa 2013, watu wameshaumizana. Sisemi karatasi ingezuia yote yale. Lakini nikipewa kazi ya kueleza jambo la kitaalamu kwa wananchi, tarehe hizo mbili, Mei na Oktoba, hunijia kichwani.

Ndiyo maana siku hizi siendi kijijini na "utafiti unaonyesha". Huko wanatujua, wanatuita watu wa maswali. Nakwenda na kuomba wao waulize. Bibi mmoja aliniuliza swali ambalo maprofesa wangu hawakuniuliza: "Mimi napulizia alfajiri, upepo umetulia, umande upo, kila kitu kama nilivyofundishwa. Jirani yangu hapulizii. Ugonjwa wake hauji kwangu?" Unakuja, mama, vimelea vyake husafiri na upepo. Basi kumbe upuliziaji si jambo la mkulima mmojammoja, ni la kijiji kukubaliana siku. Hapo ndipo sayansi ilipogeuka kuwa utawala mbele ya macho yangu. Nikapita kwa watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kuhakikisha sijapotoka, wakaniongezea kwamba salfa ikirundikana ardhini huongeza tindikali, kwa hiyo tusishangilie tu wingi wa mifuko. Andiko la pili likawa ukurasa mmoja, Kiswahili kitupu, maombi mawili, na cheo cha anayeweza kuyasaini kimeandikwa juu. Lilifika Septemba. Liliingia kwenye ajenda ya Kamati ya Maendeleo ya Kata, likajadiliwa dakika kama ishirini. Kwa kazi hii, dakika ishirini ni nyingi.

Bado nina deni. Niliahidi kurudisha matokeo kwenye kijiji kimoja cha Tandahimba, na mtendaji wa pale kila tukikutana stendi hata salamu hamalizi: "Karatasi yetu iko wapi?" Nimemwambia Agosti. Ameniuliza Agosti ya mwaka gani.