Mödlareuth: kijiji kilichokatwa na kijito

Ndugu, umeuliza Mödlareuth, kijiji cha watu kama 50 nchini Ujerumani, kiligawanywaje. Ni kijito, Tannbach, ambacho unaweza kukiruka. Tangu 1810 kilikuwa mpaka wa Bavaria na Reuss, tawala mbili za Kijerumani, lakini watu walivuka watakavyo: shule moja, kanisa moja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia upande wa Bavaria ukawa chini ya Wamarekani, wa mashariki chini ya Wasovieti. Mwaka 1952 ukaja uzio wa mbao. 1966 ukuta wa zege wa mita 700, urefu wa kwenda juu mita 3.3. Wa mashariki walikatazwa hata kuwapungia mkono jirani zao. Wamarekani walikiita kijiji hiki "Berlin Ndogo", kwa kuwa nacho kilikatwa na ukuta.

Njia ilifunguliwa Desemba 1989, mwezi mmoja baada ya ukuta wa Berlin kufunguliwa. Ukuta ulibomolewa 1990, zikaachwa takriban mita 100, pamoja na mnara wa ulinzi na uzio. Hayo yako nje. Anza nayo kabla ya kuingia makumbusho ya kijiji.

Fika kwa gari kutoka Hof, barabara kuu A72, toka Hof/Töpen. Angalizo: kijiji bado kiko katika majimbo mawili, Bavaria na Thuringia, hivyo kina misimbo miwili ya posta, 95183 na 07926.